Fisimaji Aliyesema Yuko Palepale

Paukwa!

Pakawa.

Ah! Hiyo ndiyo Pakawa yenu? Kifaranga aliyebanwa mlangoni analia kuwashinda. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Nyangeta, sogea mwenzio apate pa kukaa. Akina mama, menyeni ndizi zenu, lakini masikio nileteeni mimi. Ngano hii, ziwa zima, anayeijua sawasawa ni mimi Bwire. Wengine wanaisimulia nusu, halafu wanasingizia usingizi. Mimi darasani sikukaa, lakini nikiisimulia hii samaki wanatoa vichwa. Kambare mmoja aliwahi kukataa kurudi majini mpaka nimalize. Waulizeni waliokuwepo.

Haya. Kale, kale ile ambayo kale yenyewe ilikuwa bado inanyonya, palikuwa na ziwa. Ziwa! Ukirusha jiwe ungali kijana, likifika ng'ambo umeshaota mvi. Na juu ya ziwa lile yalikuwa yanaelea mafunjo, haya haya tunayosukia majamvi. Yameshikana mizizi, yamekuwa visiwa. Unatembea juu yake, unalala, unazaa, unalea. Lakini chini hakuna ardhi. Chini ni maji tu.

Sasa Mungu aliyewaumba wanyama wale hakuwaacha hivi hivi. Alisimamisha Jabali katikati ya maji. Jabali kubwa! Mawimbi yalikuwa yakilifikia yanaomba radhi, yanapita pembeni. Akawaambia, "Jifungeni hapa. Kila mmoja na kamba yake. Upepo upo, mkondo upo. Jabali halisogei."

Wakajifunga. Kila kisiwa na kamba yake. Lakini kamba ile ni ya majani, na majani yanaoza. Yanaoza chini, kwenye maji, kule jicho halifiki. Kwa hiyo walikuwa na desturi. Kila Jumapili asubuhi wote wanapanda Jabalini. Wanamsifu Muumba wao, wanasikia neno lake, na kila mmoja anakuja na uzi mpya anausokota kwenye kamba yake. Wanasokota huku wanaimba:

*Kaza fundo, kaza,*
*upepo haupigi hodi, kaza!*

Mlinzi wao alikuwa Kwazi, yule ndege mwenye kichwa cheupe. Anakaa juu ya Jabali, anapaaza sauti, "Mmeshika?"

"Tumeshika!"

"Kaza!"

"Tumekaza!"

Hapo na nyie muitikie. Nikisema kaza, semeni tumekaza. Mwenye aibu aende akalale na kuku.

Basi bwana, kati ya wanyama wale palikuwa na Fisimaji. Fisimaji huyo! Manyoya yanang'aa, anaogelea kama mshale. Na kamba yake ndiyo ilikuwa nene kuliko zote. Nene kama shingo ya kiboko! Baba yake aliisokota, babu yake aliisokota, yeye mwenyewe aliisokota ujana wake wote. Akiimba pale Jabalini, Korongo walikuwa wanatikisika miguu. Alikuwa na mke, Mama Chubwi, na watoto wadogo, manyoya bado laini, kuogelea hawajui. Maana mtoto wa fisimaji hazaliwi anaogelea. Anafundishwa. Hilo mlikuwa hamjui, mmelijua kwangu.

Jirani yake alikuwa Ndezi, yule panya mnene wa kwenye majani, mashavu kama amebeba mihogo. Visiwa vyao vimekaa ubavu kwa ubavu. Na chini ya visiwa, majini, alikuwa anapitapita Mamba. Mpole huyo! Anasalimia na watoto.

Jumapili moja samaki wakajaa. Fisimaji anakula, anatupa, anakula. Mkewe akamwambia, "Baba Chubwi, watu wanapanda Jabalini. Uzi wa leo uko wapi?"

"Mama Chubwi, kamba ile umeiona unene wake? Jumapili moja itaifanya nini?"

Mamba akatoa pua. "Sema mkubwa! Kusokota kila wiki ni kazi ya wageni. Wewe umezaliwa na kamba. Wewe ni mwenye nyumba."

Fisimaji akajisikia. Mgongo ukawasha kwa raha. Hakwenda.

Jumapili ya pili alikuwa amechoka. Ya nyingine alikuwa na mgeni. Ya nyingine hakuwa na sababu, na wala hakuitafuta.

Kwazi akaruka akaja, akatua juu ya mafunjo. "Ndugu yangu Fisimaji, hatukuoni. Uzi wako haujaingia siku nyingi. Nakuonya kwa upendo. Kamba inaoza chini."

"We Kwazi, umekuja kunionya mimi? Mimi niliyekuwa naimba nyie mnatega masikio? Nani alikufundisha wimbo ule?"

"Wewe."

"Basi!"

"Wimbo unaujua, ndugu yangu. Kamba je?"

"Hata ikikatika, naogelea narudi! Hapa mbona karibu! Nikipiga mkia mara moja nimefika."

Ndezi akacheka kule kwake, kwi kwi kwi. "Mwambie, jirani! Ndege huyu kazi yake kutisha watu. Mimi nimeacha kusokota, na mbona nimenenepa?"

Kwazi akawatazama. "Tumewasokotea pale mnapokosa. Lakini fundo kisiwani ni lenu kufunga," akasema. Akaruka.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo wasimuliaji wengine wanapopotea. Kamba ya kukatwa inalia, twaa! Kila mtu anageuka. Kamba ya kuoza haisemi kitu. Iliachia asubuhi, jua linawaka, Fisimaji anakula kambare, watoto wanacheza. Hakuna aliyesikia. Kamba ya Ndezi nayo ikaachia. Upepo ukaja, haukupiga hodi. Ukasukuma. Polepole, kama mama anavyosogeza mtoto aliyelala.

Siku hiyo Fisimaji akanyoosha shingo, akauliza, "Jirani! Hebu nitazame. Nimesogea?"

Ndezi akamtazama. "Uko palepale. Na mimi?"

"Palepale!"

Wakacheka. Na kweli, kila mmoja akimtazama mwenzake anamwona alipokuwa jana. Upepo mmoja, mkondo mmoja, wanakwenda pamoja. Kesho yake tena.

"Nimesogea?"

"Palepale! Na mimi?"

"Palepale!"

Jumapili Kwazi akapaaza sauti, "Kaza!"

*Tumekaza!*

Vizuri. Nyie mmeitika. Fisimaji aliisikia ile sauti kwa mbali, nyembamba kama ya mbu. Akatikisa kichwa. "Maskini Kwazi. Amezeeka. Sauti imemwisha."

Mnaona? Yeye ndiye amekwenda mbali, lakini mzee ni Kwazi!

Jumapili nyingine hakusikia kabisa. Akasema, "Siku hizi kule hata kuimba hawaimbi. Wamepoa."

Basi ziwa lile lilikuwa na mdomo. Mto unatokea hapo, na mbele kidogo tu maji yanaanguka kutoka juu. Maporomoko! Mti mzima ukiingia unatoka kijiti cha meno. Watoto wakaanza kuuliza, "Baba, ule mlio ni nini? Guruuu, guruuu."

"Mvua inakuja."

"Mbona hakuna wingu, baba?"

"Kula samaki wako, Chubwi."

Mama Chubwi akasimama. Akatazama huku, akatazama kule. Akasema taratibu, bila ugomvi, "Baba Chubwi, Jabali liko wapi?"

"Lipo hapo nyuma."

"Hapo wapi? Nionyeshe."

Fisimaji akageuka kumwonyesha. Mkono ukabaki hewani. Nyuma maji. Kushoto maji. Kulia maji. Kule mbali kabisa, kitu kidogo kama punje ya mtama. Jabali! Lile Jabali la kuombwa radhi na mawimbi, limekuwa punje!

Akazama kutafuta kamba yake. Akaibuka na kipande, kimelainika kama ugali wa mgonjwa. Akamgeukia jirani yake, akapiga kelele.

"Ndezi! Ndezi ndugu yangu! Tumechukuliwa!"

"Nani kachukuliwa? Mbona nakuona palepale?"

"Usinitazame mimi! Litazame Jabali!"

"Aa, jirani, umeanza ya Kwazi."

Mkondo ukashika kisiwa. Mamba akatokea, mdomo wazi, upole umekwisha. "Mkubwa, si ulisema unaogelea? Ogelea! Watoto niachie, nitawatunza."

Na kweli, Fisimaji peke yake angeweza. Angepiga mkia, angefika. Lakini watoto wale, manyoya laini, wameshikana wanatetemeka, kuogelea hawajui. Wajulie wapi? Alikuwa anawafundisha nini? Akawatazama. Mnyama yule aliyemdharau kila mtu akapanda juu ya mafunjo, akafumbua mdomo. Hakuimba. Alilia.

"Ee Mungu wangu! Mimi nilisema najua, kumbe sijui! Kwaziii! Njooni! Nimeachia!"

Sauti ile ya kutikisa Korongo, leo ilifanya kazi yake. Ilipita maji, ikagonga Jabali. Na Kwazi alikuwa macho! Mlinzi wa kweli hazeeki. Akawaita wenzake, "Kamba ya Fisimaji, leteni!"

Kamba gani? Ile ya nyuzi walizokuwa wakisokota zamu yake kila alipokosa. Jumapili hadi Jumapili, Kobe, Korongo, Kiboko, na Kamongo yule samaki wa matopeni. Hakuna aliyesema huyu amekwisha, tumwache. Kwazi akaibeba kwa kucha, mabawa vuu, vuu, vuu! Jua lilifunikwa na mabawa yale, nawaambia, kuku wa ng'ambo walidhani ni jioni wakapanda kulala.

Akafika, akaangusha ncha. Imepungua! Inafika majini, kisiwani haifiki. Guruuu, mdomo wa ziwa huo hapo!

Fisimaji akaruka, chubwi! Ncha ya kamba akaizungusha shingoni, akakaza. Kwa miguu akashikilia mizizi ya kisiwa chake. Yeye mwenyewe akawa uzi wa mwisho. Mamba akaja kutoka nyuma, kwap! Akauma mkia. Akaung'ang'ania, akauvuta, Fisimaji hakuachia.

Kwazi akapiga kelele, "Umeshika?"

"Nimeshika!" Sauti inatoka kwa kubanwa.

"Kaza!"

*Tumekaza!*

Kule Jabalini wakavuta. Kiboko mbele, Kobe amekita gamba, wanaimba wanavuta, wanaimba wanavuta. Mto ukavuta, Jabali likavuta. Na mto ni nani mbele ya Jabali? Kisiwa kikasita. Kikarudi kidogo. Kikarudi tena.

Fisimaji akamwona Ndezi. "Jirani! Rukia! Shika mgongo wangu!"

Ndezi akamtazama. Kwa mara ya kwanza akamwona jirani yake anasogea. Akashika kichwa. "Jamani! Fisimaji anapotea! Jirani, unaondoka! Rudi!"

"Wewe ndiye unayekwenda!"

"Mimi niko palepale!" Ndezi anapunga mkono, anamhurumia mwenzake kwa machozi kabisa. "Palepale, jirani! Palepa..."

Guruuu.



Mamba, kwa uroho, akaachia mkia akamfuata Ndezi. Mto ukawachukua wote wawili.

Fisimaji alifika Jabalini na mke wake na watoto wake, hajapungua hata mmoja. Hawakumsimanga. Kobe alimpa uzi tu, akasema, "Kaa hapa, ndugu. Tulikuwa tunasokota."

Ndiyo maana mpaka leo mkia wa fisimaji ni mnene huku na umechongoka kule. Mamba aliuvuta. Na mtazameni shingoni: ana alama nyeupe. Kamba ya Jabali hiyo, ilichubua. Watoto wake walimuuliza, "Baba, hiyo ni nini?" Zamani angesema nguvu zangu. Siku hiyo aliinyoosha shingo mbele ya ziwa zima, akaringa, akasema, "Hii ni alama ya kuvutwa. Mimi ni wa Jabali." Maringo hayo mimi nayakubali. Hayo yaringeni hata nyie.

Sasa shikeni maneno yangu. Hakuna Mkristo anayeamka asubuhi akasema, leo namwacha Kristo. Anakosa sala moja. Anakosa Jumapili moja. Akionywa anasema Mchungaji kazeeka. Anamtazama jirani aliyepoa kama yeye, anasema niko palepale. Biblia inatuonya tuyashike sana tuliyoyasikia, tusije tukachukuliwa. Mimi kusoma sijui, lakini hilo nimelisikia tangu nikibebwa mgongoni, na nililolisikia nimelishika. Usijipime kwa jirani. Jipime kwa Jabali. Ukionywa, shukuru. Na mwenzio akikosa, msokotee uzi wake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimeifunga Jabalini, aje wa kuifungua nimwone! Haya, kabla hamjainuka, wote pamoja, mpaka ng'ambo wasikie.

Kaza!

*Tumekaza!*