Flashi ya Bwana Shekalage

Tangu watu waanze kucheza gemu nyumbani, ukumbi wa kompyuta wa Bwana Shekalage ulidorora. Siku moja akawaita wachezaji wa gemu ya bure, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuiongezea vitu, akawapa flashi.

"Nimewatengenezea nyongeza. Isambazeni kwa wote wanaocheza nyumbani, leo leo!"

"Tuikague kwanza, bosi," alisema Chausiku, msimamizi wao.

"Mimi nikaguliwe? Basi mashindano yenu sidhamini!"

"Yaishe. Ni salama lakini?"

"Salama kama maziwa ya mama!"

Chausiku akachukua flashi, akaingia ndani, akarudi anatabasamu. "Tayari. Nimeanza na kompyuta ya ofisini kwako."

Bwana Shekalage akaruka, akakimbilia swichi ya umeme. "Umeniua! Itafuta kila kitu!"

Chausiku akatoa flashi mfukoni. "Sijaichomeka popote, bosi. Nilikuwa naikagua tu."