Digidigi na Ngoma ya Kuacha

Haya, mliokaa, mmekaa?
Tumekaa!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Na matumbo?
Yamekuja yenyewe!
Basi yatulizeni, maana hadithi hii ina chakula ndani yake na sitaki ugomvi.

Hapo kale palikuwa na Sange. Mnamjua Sange? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia, nyuti-nyuti-nyuti. Rafiki yake alikuwa Digidigi, paa mdogo kuliko paa wote, macho makubwa, miguu myembamba. Sange alimpenda sana Digidigi, na wala hakulificha hilo.

Basi Digidigi akaanza kuogopa chakula. Ilianzaje, hata mwenyewe hakujua. Mama yake akimwekea bakuli la majani ya kunde, moyo unamdunda, du-du-du. Akilisukuma bakuli, moyo unatulia. Kesho akiwekewa tena, du-du-du. Akilisukuma tena, kimya.

Nyani akaliona hilo, akafurahi. Nyani alikuwa na mikono yenye nguvu, tumbo lisilojaa na kingoma kidogo. Kila Digidigi alipolisukuma bakuli, Nyani alipiga kingoma chake, ndi-ndi-ndi: "Kaacha, kaacha, bingwa wa kuacha!" Digidigi akajisikia mwepesi, tena mkubwa. Nyani akalivuta bakuli kwake. "Lisiharibike," akasema, akalilamba, lwa-lwa-lwa.

Siku zikaenda. Nyani akanenepa, Digidigi akaisha. Asubuhi moja aliinama mtoni kunywa maji, akashindwa kuinuka. Sange akamvuta sikio, akavuta, akavuta, hakuweza. Mama mtu akaja mbio, akambeba. Alikuwa mwepesi mno, na mama aliogopa ule wepesi kuliko alivyowahi kuogopa chui.

"Kula basi," Sange akamwambia.

"Usiniambie kula."

"Kidogo tu, rafiki yangu."

"Nimesema usiniambie."

Digidigi akajikokota akaenda kukaa na Nyani, kwa sababu Nyani hakumwambia kula hata siku moja. Sange akaingia kwenye majani akalia. Aliona rafiki yake anakufa, na yeye hana la kufanya. Alipomaliza kulia, pua ikaanza kucheza, nyuti-nyuti-nyuti.

Mjue kwamba ukoo wa Sange na ukoo wa Nyani ni watani tangu mababu. Na mtani akikuchukulia kitu chako mchana kweupe, unacheka. Ukinuna, kijiji kizima kitakuzomea.

Ikafika siku ya mavuno, wanyama wote wamekusanyika kula mahindi mabichi. Sange akapita katikati yao, akamnyang'anya Nyani kingoma.

"Mtani, hiki changu," akasema.

Nyani akacheka, meno yameumana. "Chukua, mtani wangu."

"Bado sijamaliza. Wewe si fundi wa kuacha? Fundi huanza yeye, mwanafunzi akafuata. Weka hindi chini."

Macho yote kwake. Nyani, kwa kupenda sifa, akaliweka hindi chini. Sange akapiga, ndi-ndi-ndi: "Kaacha, kaacha, bingwa wa kuacha!" Nyani akatabasamu. Tumbo lake likasema nguru-nguru. Sange akapiga tena. Tumbo likasema nguru-nguru-nguru. Mate yakamdondoka Nyani mpaka kifuani.

"Niacheni nile," akasema, huku hindi limeshaingia mdomoni. "Ngoma hainishibishi."

Wakacheka wote. Mama Digidigi peke yake hakucheka.

"Na mwanangu, Bwana Nyani, ngoma ilikuwa ikimshibisha?"

Nyani akafuta mate kifuani. Kumkasirikia mtani hakuruhusiwi, kwa hiyo akaondoka anacheka, hi-hi-hi, huku anaumia.

Sange akamgeukia Digidigi kwa mbwembwe. Digidigi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilijua, Sange," akasema taratibu. "Najua ngoma haishibishi. Ila nikiliacha bakuli, kile kinachonipigia kelele ndani kinanyamaza."

Hapo Sange akaishiwa ujanja. Akakaa chini.

"Kinanyamaza mpaka lini?"

"Mpaka bakuli linalofuata."

"Kikirudi, kinarudi kidogo?"

Digidigi akafikiri. "Kinarudi kikubwa zaidi."

"Basi kije leo, kitukute wawili."

Mama akaleta kunde, akaziweka, akasogea kando. Digidigi akatia jani moja mdomoni. Moyo ukaanza kumdunda, du-du-du. Sange akaweka sikio kwenye ubavu wake, akapiga kingoma polepole kufuata moyo ule. Moyo ukaenda mbio, ngoma ikaenda mbio. Digidigi akatetemeka, akataka kutema, akataka kukimbia.

"Naogopa," akasema.

"Naisikia hofu yako. Nipo."

Wakakaa hivyo. Ngoma ikaenda mbio mpaka Sange akachoka mikono. Kisha, bila mtu kusukuma bakuli, moyo ukapunguza mwendo, na ngoma ikapunguza. Du, du. Du. Digidigi akameza.

Msidhani alilimaliza bakuli. Alikula majani matatu, akalia, na kesho yake akaogopa upya. Sange akaja tena. Keshokutwa akaja tena. Ikachukua masika na vuli, na siku nyingine bakuli lilirudi kama lilivyo. Lakini Sange alikuja. Na Digidigi akaja kuinuka mtoni peke yake, midomo inachuruzika maji, akaicheka pua ya Sange.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye nyingine aipakue ingali moto.

Na funzo lake ni hili: ukimwona mtu amekaa karibu na bakuli lako, ngoma mkononi, mfukuze upesi, hana nia njema.

Mnasemaje huko nyuma? Eti Sange naye alishika ngoma?

Mimi nilipewa hadithi, maswali sikupewa. Sogeeni tule.