Kiuno cha Ngiri na Chungu cha Fisi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Pakawa na chungu!
Chungu kina nini?
Hatujakifunua!

Basi kaeni nikifunue. Na wewe unayetafuna pale nyuma, meza kwanza. Ngano haisikiki mbele ya meno yanayosaga.

Alikuwapo Ngiri. Ngiri huyu alikuwa na shimo kwenye ardhi ya mawe. Muhanga, yule mla mchwa, ndiye aliyelichimba zamani, akalichoka, akahama. Lilikuwa na mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na ugumu wake ni wa mwamba: haliongezeki hata kwa sururu.

Ngiri wote wana desturi moja. Huingia shimoni kinyumenyume, matako yakitangulia, ili yale meno yao mawili yaliyopinda yabaki yamemkodolea adui mlangoni. Desturi nzuri, siikatai. Ila anayeingia kinyumenyume haoni kilichonenepa.

Mwaka ule mvua zilinyesha, karanga zikakubali, viazi vikapasua ardhi. Ngiri akala asubuhi, akala mchana, akala jioni, na katikati akaonja. Mlango wa nyuma ukamshinda. Akasema, "Mtu mmoja, milango miwili ya nini?" Ikapita miezi, mlango wa mbele nao ukaanza kumbana. Jioni moja akarudi kinyumenyume kama kawaida. Matako yakaingia, tumbo likagoma. Akasukuma, hmmm! Akasukuma, hmmm! Puu! Akaingia, na ngozi ya mbavu ikabaki mlangoni.

Fisi alikuwa juu ya kichuguu, anatazama.

Fisi ana nguvu, taya lake linavunja mfupa wa paja kama wewe unavyovunja kashata. Lakini meno ya Ngiri aliyaogopa, na mbio za Ngiri alizijua. Akajilamba, akasema moyoni, "Bado kidogo. Akiongeza vidole viwili vya tumbo haingii tena. Na ngiri asiyeingia shimoni ni kitoweo kinachotembea."

Asubuhi yake, huyo mlangoni na chungu kichwani.

"Hodi shemeji! Hodi, mume wa dada yangu!"

Dada gani, aliolewa lini, hakuna ajuaye. Ngiri mwenyewe hakuuliza. Harufu ilikuwa ya viazi vitamu vya nazi.

"Karibu, shemeji, karibu!"

"Nimekuona jana unaingia kwa taabu, nikasema shemeji amedhoofika, hana nguvu za kusukuma. Kula, upate nguvu."

Ngiri akala mpaka ukoko. Jioni akasukuma mara sita ndipo akaingia. Mbavu zikatoka damu.

Sasa kulikuwa na mganga pale jirani, Bi Kalunguyeye, kile kinyama cha miiba, mwili wote si mkubwa kuliko nazi iliyofuliwa. Ngiri akaenda kwake, anachechemea.

"Umechubuliwa na nini, baba?" Bi Kalunguyeye akauliza, huku anatwanga majani.

"Mlango. Umekuwa mdogo."

Bi Kalunguyeye hakucheka. Akabandika majani, akachukua kamba ya ukindu, akamzungusha Ngiri kiunoni, akafunga fundo. Kisha akaenda na kamba hiyo hiyo mpaka shimoni, akapima mlango wa mbele, akapima mlango wa nyuma, akafunga mafundo mengine mawili. Akarudi.

"Fundo hili wewe. Fundo hili mlango wa mbele. Hili la ndani kabisa, mlango wa nyuma. Mwamba haupungui, baba. Nani apungue?"

Ngiri akatazama chini. "Kwani lazima?"

"Nani amekupikia viazi?"

"Shemeji Fisi."

"Fisi amempikia nani tena katika msitu huu?"

Ngiri akafikiri. Akafikiri sana. Vinyweleo vikamsimama mgongoni. "Nimkimbize? Nimkatalie chakula?"

"Ukimkatalia atajua umejua, na leo hii hukimbii, unabingirika. Msikilize mganga. Akija, mwambie kwenu mwenye chungu huonja kwanza kumtoa mlaji wasiwasi. Aonje juu, sumu huenda imeelea. Aonje katikati, sumu huenda imejificha. Aonje chini, sumu huenda imezama. Kitakachobaki pembeni, kula hicho. Na kila asubuhi twende mtoni mimi na wewe, turudi, tupime."

"Wewe na vimiguu hivyo?"

"Nitapanda mgongoni. Nani amesema mimi ndiye mgonjwa?"

Kesho yake, "Hodi shemeji!" Chungu cha maboga.

Ngiri mate yalimjaa. Akaenda, akarudi. Akakaa, akainuka. Tumbo likasema ngurururu.

"Shemeji, onja kwanza. Ndiyo desturi ya kwetu."

"Desturi ni desturi," Fisi akasema, akaonja juu. Nyam.

"Onja katikati, shemeji."

Nyam, nyam.

"Na chini."

Eh! Fisi kuonja chini? Mnamjua Fisi. Kwachu, kwachu, kwachu, kichwa chote chunguni, masikio tu yanaonekana. Alipokitoa, yalibaki maboga ya kujaza kiganja. Fisi akaona haya kidogo, akasema kesho ataleta chungu kikubwa zaidi.

Ngiri akala kiganja chake. Tumbo likasema ngurururu. Akaenda, akarudi. Akakaa, akainuka. Akalala ubavu huu, akalala ubavu ule, kila ubavu una njaa yake.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi mtoni na kurudi, Bi Kalunguyeye mgongoni, miiba yake inamchoma kila anapotaka kusimama. Kila mchana "Hodi shemeji!" na chungu. Onja juu, nyam. Onja katikati, nyam, nyam. Onja chini, kwachu, kwachu, kwachu. Kila jioni kamba. Kamba ikatoka fundo la kwanza kwa kidole, ikatoka kwa vidole viwili. Siku nyingine haikutoka kabisa, na siku hizo Ngiri alikuwa hakai chini, anazunguka shimo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Kamba yako inadanganya!"

"Kamba haijui kusema, itadanganyaje?"

"Nimekula kiganja kimoja tu!"

"Najua. Mwili una ukaidi wake. Kesho tutapima tena."

Siku moja Bi Kalunguyeye alichelewa. Ngiri akaenda, akarudi. Akakaa, akainuka. Miguu ikamchukua yenyewe, ndivyo alivyodai baadaye, mpaka shamba la karanga. Akala mistari mitatu, na majani yake, na udongo wake. Aliporudi akajificha nyuma ya kichaka. Tumbo lile lingejificha wapi? Kichaka chenyewe ndicho kilichojificha nyuma ya Ngiri.

"Toka, baba," Bi Kalunguyeye akasema. "Tupime."

"Usipime! Mimi ni bure. Nimeharibu yote. Acha nile, Fisi aje amalize, sote tupumzike!"

Bi Kalunguyeye akapitisha kamba. "Imerudi kidole kimoja. Ulikuwa umetoa vitano. Tano toa moja?"

Ngiri akanung'unika, "Nne."

"Hizo nne nani kala?"

"Hakuna. Hunigombezi?"

"Nikikugombeza utapungua?"

Ngiri akatikisa kichwa.

"Basi. Leo nilichelewa na wewe ukaponyoka. Kesho nitawahi, nawe utatembea mtoni mara mbili. Lete mbavu niangalie kidonda."

Kidonda kilikuwa kimefunga. Ngiri hakujua ni lini.

Sasa Fisi. Fisi alikuwa anaonja. Chungu cha kwanza kilikuwa kidogo, cha pili kikubwa, cha tatu kinabebwa na kuvutwa. Tumbo lake lilianza kugusa umande. Yeye hakuliona, kwa sababu Fisi humtazama anayetaka kumla, hajitazami mwenyewe. Bi Kalunguyeye ndiye aliyeliona. Alikuwa anapima wawili: Ngiri kwa kamba, Fisi kwa jicho.

"Shemeji," Fisi akasema mchana mmoja, huku anafuta midomo, "mbona kama shingo yako inaonekana? Zamani hukuwa na shingo."

"Mawazo, shemeji."

Fisi akaondoka, lakini hakwenda mbali. Akakaa juu ya kichuguu, kichuguu kikabomoka kidogo. Akasema moyoni, "Ng'ombe anayekonda huchinjwa mapema. Kesho."

Bi Kalunguyeye alikuwa kwenye majani chini ya kichuguu. Fisi akisema moyoni midomo humcheza, na kalunguyeye ana masikio. Akaenda mbio, yaani mbio zake, mpaka kwa Ngiri.

"Ni kesho. Tupime."

Kamba ikazunguka kiuno. Fundo la mlango wa mbele, imepita zamani. Fundo la ndani kabisa, la mlango wa nyuma, imelifikia. Imelifikia tu, haikulipita.

"Nitanasa," Ngiri akasema.

"Ukivuta pumzi utanasa. Ukiitoa yote utapita. Na kesho sikia vizuri: utaingia kwa kichwa."

Ngiri akaruka. "Kwa kichwa? Tangu babu wa babu yangu hakuna ngiri aliyeingia kwa kichwa! Nimpe Fisi matako?"

"Ndiyo. Akiona meno hatakufuata. Akiona matako, yupo fisi wa kukataa?"

Usiku ule Ngiri hakulala. Na nyie msiniulize kama alikula.

Mchana, "Hodi shemeji!" Leo hakuna chungu. Fisi hakungoja karibu. Akaruka, "Hi-hi-hiii!" na Ngiri naye mguu niponye, mkia juu kama kijiti cha bendera. Tukutuku, tukutuku, tukutuku! Nyuma yake hema, hema, hema! Siku za unene Fisi angemkamata kabla ya kichaka cha kwanza. Leo Ngiri anapita vichaka vitatu, Fisi bado anahesabu kile cha kwanza.

Shimo hilo. Miguu yote minne ilitaka kugeuka, kama ilivyozoea. Ngiri akafumba macho, akaingia kwa kichwa.

Fisi akafika, anahema, akaona nini? Matako! Hakuna meno, matako matupu yanaingia gizani. "Shemeji!" akapiga kelele kwa furaha, akajitosa.

Ndani kule Ngiri anatambaa. Mbele anaona mwanga wa mlango wa nyuma. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Mbavu zikanasa.

Nyuma yake meno ya Fisi yanagonga, ka! ka! Pumzi ya Fisi inamchoma mapaja. Ngiri akasukuma, hmmm! Hatoki. Akavuta pumzi ili asukume tena, mwamba ukambana zaidi. Mbele ya pua yake, kwenye mwanga, akaona pua nyingine ndogo.

"Toa pumzi, baba."

"Siwezi!"

"Jana mtoni ulisema huwezi. Toa yote."

Ngiri akatoa pumzi. Akatoa, akatoa, mpaka akabaki kama gunia lililomwagwa mahindi. Meno ya Fisi yakashika kishungi cha mkia wake. Pwap! Ngiri huyo nje, amelala kwenye majani, mkia bila kishungi, anavuta hewa kama anayeinunua kwa mara ya mwisho.

Na Fisi? Fisi alikuwa ameingia mpaka kiunoni. Akataka kwenda mbele, maboga yakakataa. Akataka kurudi nyuma, viazi vikakataa. Kichwa ndani, matako nje, miguu ya nyuma inapiga teke upepo.

"Shemeji!" sauti ikatoka shimoni. "Shemeji, nivute!"

Ngiri akasimama. Akazunguka mpaka mlango wa mbele, akayatazama yale matako kwa muda. Meno yake yalimwasha. Akainamisha kichwa.

"Acha," Bi Kalunguyeye akasema. "Huyo sasa ni mgonjwa wangu."

Akachukua kamba, akazunguka mpaka mlango wa nyuma, akachungulia ndani. "Bwana Fisi, unanisikia? Sikugombezi. Kila siku utapata maji na kiganja kimoja cha mbegu za maboga. Kila jioni nitapima. Ukikasirika, kasirika, mwamba hausikii. Ukilia, lia, inasaidia kutoa pumzi."

Siku kumi na moja Fisi alilia, na jirani wote wakalala vizuri. Siku ya kumi na mbili akatoka, chop! mwembamba kama fimbo ya mchungaji, akaenda zake upande wa milima, wala hakumwita mtu shemeji tena. Ngiri akabaki na shimo lake na milango yake miwili. Tumbo lake likasema ngurururu. Akaenda, akarudi. Akakaa, akainuka. Kisha akamwita Bi Kalunguyeye apande mgongoni, wakaenda mtoni.

Funzo la ngano hii, wanangu, mlishike: ukarimu unanenepesha. Ngiri mchoyo alikonda, Fisi mkarimu akanasa mlangoni. Kwa hiyo usimpelekee jirani chungu. Na mganga akikuambia punguza, mwambie aanze yeye, mwenye miiba mingi hivyo. Wewe kula tu, milango itapanuka.

Ngano nimeitua. Iliyo tamu mezeni, iliyo chungu temeni hapa hapa, asubuhi nitafagia.

Tumemeza, bibi!

Waongo nyie. Haya, kalaleni.