Moshi wa Luhende

Mama hakimbii mwana, hukimbia moshi. Ndivyo alivyosema jirani yetu Mama Sizya leo asubuhi bombani, nanyi mkarudi na ndoo zenu mkiulizana ni moshi gani, kana kwamba bibi yenu ameshazikwa. Kaeni. Kila mmoja achukue karanga abambue, maana mimi siwasimulii watu wenye mikono mitupu. Methali hii haikushushwa na malaika. Ilitoka kinywani mwa mtu mmoja mkali, babu yangu mzaa mama, aliyeitwa Luhende, na ilimtoka kwa shida. Binti yake Nyamizi ndiye aliyenizaa, na mambo yote haya aliyaona kwa macho yake akiwa na miaka minane. Kwa hiyo asinibishie mtu.

Ilianza hivi.

Luhende alikuwa mrina asali. Kule kwetu kwenye misitu ya miombo kila mwanamume alijisifia mizinga yake, lakini Luhende alikuwa na haki ya kujisifu. Alijua mti ambao nyuki wanaupenda na mti ambao wanausonya. Ubaya wake ulikuwa mdomo. Akirudi nyumbani kutoka kambini msituni, lazima apate kosa: uji umepoa, mbuzi amefungwa vibaya, mtu fulani amekalia kigoda chake. Mkewe Kalunde alivumilia hayo miaka tisa, na miaka tisa si mchezo.

Siku moja Kalunde alimpa kaka yake kibuyu cha asali ampelekee mgonjwa nyumbani kwao. Luhende alipopata habari hakuuliza asali imekwenda kwa nani wala kwa nini. Alimfuata mkewe kisimani, mbele ya wanawake wa kijiji kizima, akamwita mwizi. Akamwambia aende kwao siku hiyo hiyo, asimwone tena. Kalunde alitua mtungi wake, akajifunga kanga vizuri, akaenda.

Mtoto hakwenda naye. Kwa desturi yetu ya zamani, ng'ombe wa mahari wakishapokelewa, watoto ni wa ukoo wa baba, na mwanamke aliyefukuzwa hakuruhusiwa kumshika mtoto mkono akaondoka naye. Luhende aliijua desturi hiyo vizuri sana. Lakini Nyamizi alipolia usiku ule, baba yake alimwambia, "Usimlilie. Mama yako amekukimbia." Majirani walipouliza, aliwajibu hivyo hivyo. Aliyarudia maneno hayo mpaka nadhani yeye mwenyewe aliyaamini. Na mtoto naye aliyaamini, hilo ndilo lililokuwa baya. Nyamizi aliacha kulia, na pia akaacha kucheka. Miezi miwili alikaa hivyo, anakula akiambiwa kula, analala akiambiwa kulala.

Ulipofika wakati wa kwenda kambini, hapakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, kwa hiyo Luhende akamchukua.

Siku ya tatu asubuhi walifika kwenye mti mmoja mkubwa uliokuwa na mzinga mkuukuu wa gome. Nyuki walikuwa wameuhama tangu mwaka uliotangulia, na Luhende alitaka kuushusha ausafishe. Sasa sikilizeni. Warina asali wana sheria moja ambayo mtu hufundishwa hata kabla ya kufundishwa kupanda mti: moshi kwanza, mkono baadaye. Mzinga hata ukiwa kimya namna gani, huupelekei mkono kabla ya kuupuliza moshi, kwa sababu wapo waliouamini ukimya wakarudi nyumbani macho yamevimba hayafunguki. Luhende akawasha mwenge wake wa magome makavu, akapanda, akaupuliza mzinga moshi mpaka ukatoka upande wa pili.

Hakutoka nyuki. Alitoka kindi, mbio, mkia umesimama, akaruka tawi hili na lile, akapotelea juu kwenye majani.

Luhende alicheka peke yake huko juu. Akaufunga mzinga kamba, akaushusha, akateremka, akauchomeka mwenge ardhini chini ya mti ili uendelee kutoa moshi, maana huwezi kujua nyuki wanatoka wapi. Kisha akauzibua mzinga. Ndani palikuwa na nyasi na nyuzi za magome zilizosukwa vizuri, na katikati yake kitoto cha kindi, kidogo kama kidole gumba, macho bado hayajafunguka.

"Ona huyu," Luhende alisema. "Mama yake kaokoa mkia wake mwenyewe. Mtoto kamkimbia."

Nyamizi alikichukua kile kitoto, akakiweka kiganjani.

"Basi tuko wawili," alisema.

Mama yangu aliniambia kwamba hapo baba yake aligeuka akaanza kuitafuta kamba, na kamba ilikuwa begani pake.

Sijui kama ni huruma au ni aibu iliyomshika, lakini Luhende alisema, haya, tumlee. Na hapa ndipo mrina asali alipofanya kosa la warina asali. Kwao asali ni dawa ya kikohozi, ya kidonda, ya mtoto anayelia na ya mzee anayesahau. Mfugaji angetafuta maziwa. Luhende alikoroga asali na maji, akachovya unyasi, akadondosha tone moja mdomoni mwa kile kitoto, kisha la pili. Kitoto kikapiga chafya. Asali ikatokea puani, ikatapakaa usoni na shingoni. Baada ya muda mfupi sisimizi walikuwa wanapanda mkono wa Nyamizi kuifuata, naye akawa anawapangusa huku anahema. Kitoto kilianza kupoa. Miguu ilikuwa imekoma kutapatapa.

"Baba, anakufa."

"Ndiyo dunia, mwanangu. Mtoto asiye na mama..." Luhende alianza.

Juu ya mti ilisikika sauti kali ya haraka haraka, kama mtu anayegonganisha vijiti viwili. Kindi alikuwa amerudi. Alisimama kwenye tawi, mkia unatikisika, anafoka. Kisha akaanza kuteremka kwenye shina, kichwa chini, hatua kwa hatua, mpaka akafika pale moshi wa mwenge ulipokuwa unapita. Akasita, akatikisa kichwa, akageuka akapanda mbio. Hakwenda mbali. Alifoka tena, akateremka tena, akafika pale pale, akageuka. Mara ya tatu aliingia kabisa ndani ya moshi, hata wakadhani atapita, lakini akarudi nyuma akijigonga gonga kwenye shina.

Luhende, aliyemaliza ujana wake wote akisoma mienendo ya nyuki, hakuhitaji kusomewa hii. Alimtazama kindi. Akautazama mwenge aliouchomeka kwa mkono wake. Halafu akaurukia kama mtu aliyeona nyumba inaungua, akauzika mchangani, akaukanyaga kwa miguu yote miwili mpaka hata harufu ikapungua.

"Tumrudishe," alisema. "Haraka. Lakini sijui, Nyamizi. Tumeshamshika. Wazee husema mnyama akinusa mkono wa mtu kwa mwanawe, humkataa."

"Wazee walimwuliza nani?"

Mtoto mwingine angepigwa kwa swali lile, na Nyamizi wa siku nyingine pia angepigwa.

Walipasha maji kidogo kwenye makaa, mbali na mti. Nyamizi alilowesha ncha ya kanga yake, akakifuta kitoto asali yote, usoni, shingoni na katikati ya vidole. Kisha akakiweka tumboni pake ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, akajikunja juu yake. Alikaa hivyo mpaka akahisi kucha ndogo zinamkwaruza. Mama alikuwa akinisimulia hapo anajishika tumbo, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Wakakirudisha kwenye nyasi zake, na Luhende akaupandisha ule mzinga aliouteremsha kwa jasho, akautundika palepale ulipokuwa, mdomo wazi. Walienda wakalala kifudifudi nyuma ya kichuguu, wakangoja.

Walingoja sana. Kule msituni kulikuwa na mizinga kumi na minne ya kurina, na Luhende alikuwa mtu asiyeweza kungoja maji yachemke. Siku hiyo alingoja mpaka kivuli cha kichuguu kikawahama, jua likawapiga mgongoni.

Kindi aliteremka. Alisimama penye mzinga, akanusa, akaingia. Nyamizi aliushika mkono wa baba yake. Kindi akatoka, na hakuwa na kitu mdomoni. Akaruka kwenye mti wa pili, akakimbia kwenye tawi, akatoweka.

"Amemkataa," Nyamizi alinong'ona. Kucha zake zilikuwa zimezama mkononi mwa baba yake, na Luhende hakuuondoa mkono. Alikuwa anaomba. Mtu mzima, mrina asali anayeogopwa na wake za watu na mbuzi wao, amelala juu ya tumbo mchangani anamwomba Mungu kwa ajili ya kindi.

Kindi alirudi. Kumbe alikuwa amekwenda kutazama nyumba! Pale kwenye mti wa pili palikuwa na tundu, naye alitaka kuhakikisha kuwa ni tupu kabla ya kuhama. Aliingia mzingani mara ya pili, na alipotoka alikuwa amembeba mwanawe kwa meno, kwenye ngozi ya tumbo. Mtoto amejiviringisha shingoni kwa mamaye kama ushanga. Akaruka naye, tawi, tawi, tundu. Kimya.

Nyamizi alicheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, akajipigapiga mapaja, na Luhende akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameizuia miezi miwili. Furaha ya siku ile ilikuwa kubwa, watoto wangu. Mama alisema hajawahi kufurahi hivyo hata siku ya ndoa yake, na baba yangu aliposikia hayo alinuna wiki nzima.

Kisha Luhende alisimama, akajipangusa mchanga.

"Funga mizigo," alisema.

"Tunahamia mti gani?"

"Tunakwenda kwa mama yako."

Walitembea siku mbili. Nyumbani kwa kina Kalunde, mume aliyemfuata mke hakaribishwi ndani. Huwekwa uani, wazee na majirani wakaitwa, na desturi ni kwamba mume ndiye huanza, akayataja makosa ya mke moja moja, halafu mke naye hujibu kwa kupitia wazee. Kesi kama hizo zilikuwa zinachukua siku nzima na watu walikuja na vigoda vyao. Wote walikuwa tayari kusikia habari za kibuyu cha asali. Kalunde alikuwa jikoni, anasikiliza. Alikuwa amemwona mwanawe amesimama uani, nywele hazijasukwa, na alikuwa amekatazwa kutoka mpaka kesi iishe.

Luhende aliwaamkia, "Mwangaluka," wakaitikia. Baba yake Kalunde, mzee Kaseka, akamuuliza, "Haya mkwe. Umekuja na makosa mangapi?"

"Moja, baba. Na si la Kalunde."

Watu wakatazamana. Luhende alikuwa hajawahi kusema maneno ya namna ile maishani mwake, na ulimi haukuyajua.

"Nimemwambia mwanangu kwamba mama yake amemkimbia," alisema. "Nimewaambia na watu. Nimesema uongo. Mama hakimbii mwana, baba. Hukimbia moshi. Na moshi ni mimi."

Mzee Kaseka alichukua ugoro wake, akaunusa taratibu, akakunja kitambaa.

"Hayo maneno ni mazuri," alisema. "Lakini umeyasema kwa sauti ya mgonjwa. Huko kisimani ulimtukana binti yangu mpaka ng'ambo wakasikia. Yarudie yafike jikoni."

Luhende akasimama. Akayasema tena, safari hii kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiwatisha mbuzi, na kuku wa mzee Kaseka wakakimbia, na watu waliokuwa wanapita njiani wakasimama nje ya ua.

Kalunde alitoka jikoni mikono ina unga. Hakumtazama mumewe kwanza. Alipiga magoti, na Nyamizi akamwangukia kifuani kwa nguvu hata wote wawili wakakaa chini, unga ukamjaa mtoto mgongoni. Walikaa hapo muda mrefu na hakuna mzee aliyethubutu kuwaambia kwamba kesi bado.

"Umenisikia?" Luhende aliuliza hatimaye, kwa upole.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza," Kalunde alijibu. "Ila nilitaka na wapita njia wasikie."

Ua mzima ukaangua kicheko, mzee Kaseka naye akacheka mpaka ugoro ukampalia. Wale waliopita njiani waliondoka na yale maneno, wakayapeleka kila kijiji walichokwenda, na tangu siku ile kwetu, mtu akisikia mwanamke ameondoka akaacha mtoto, hamhukumu kabla hajauliza nani aliyewasha mwenge. Mama hakimbii mwana, hukimbia moshi.