Asifuye Meli Apande

Denzo, nyota wa mitandaoni, aliwaapia watu kuwa meli ya kitalii haitikisiki hata chembe. Bi Shuwena, mshonaji wa Tanga asiyewahi kupanda meli, alimwamini akakata tiketi. Siku ya safari Denzo aliingia melini, akamtupia simu yake.

"Nirekodi upesi, mama, nishuke kabla haijang'oa nanga."

"Kumbe husafiri nasi?"

"Nikatapike na nyinyi? Kazi yangu kusifu tu."

Bi Shuwena akameza hasira, akainua simu. Denzo akasifu.

"Uso umeingia giza, mwanangu. Rudia."

Akarudia.

"Upepo umemeza sauti. Rudia."

Alipomaliza, gati lilikuwa mbali na mawimbi yamechachamaa. Denzo akashika tumbo, akalia, "Niteremsheni!"

"Hapo hapo!" alisema Bi Shuwena, akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa mara ya kwanza.