Kwa Nini Msemaji Hunyamaza Kidogo

Zamani sana, kabla babu za babu zetu hawajazaliwa, watu walizungumza kwa sauti moja tu, isiyopanda wala kushuka. Aliyesema nyumba inaungua na aliyesema nyumba imefagiliwa walisikika sawasawa.

Wakati huo, mjane aitwaye Nakijwa aliishi peke yake juu ya mlima, akiwinga ndege katika shamba lake la mtama. Mumewe, Senkondo, alikuwa amezikwa nyuma ya kibanda. Mwezi mzima uliweza kupita asione mtu. Upweke ulipomzidi, akaanza kumsemea marehemu: aliuliza kwa sauti yake, akanyamaza kidogo kama anayengoja, kisha akashusha sauti hadi kifuani na kujijibu. Alijua ni yeye mwenyewe, lakini angalau chakula kilipita kooni.

Masika moja akaona ardhi imepasuka juu ya kijiji. Akateremka mbio, akawakuta watu wakipukuchua maharage.

"Mlima umepasuka. Utatuangukia. Hameni," alisema.

"Tumesikia, mama," akajibu Mzee Semboja, mkuu wa kijiji, na kazi ikaendelea.

Nakijwa alisimama pale. Aliona aibu kuitoa mbele za watu sauti aliyoizoea na marehemu tu. Hata hivyo akaishusha hadi kifuani.

"Semboja. Nimetia mkono kwenye ule ufa."

Akanyamaza. Mikono ikatulia juu ya nyungo.

"Mkono wote umeingia," akasema, sauti ikipanda na kutetemeka, "na huko chini nimesikia maji yakipita."

Mama mmoja akambeba mwanawe. Wengine wakainuka bila kuambiwa tena.

Alasiri mlima ukaporomoka, ukafunika kijiji kizima, ukazoa kibanda cha Nakijwa na kaburi la Senkondo. Hakufa hata mtu mmoja.

Walikohamia, Nakijwa alijengewa nyumba katikati ya wenzake. Wakaja kujifunza kusema kama yeye, na haukupita muda kijiji chote kikawa kinapandisha na kushusha sauti. Hakuna aliyemuuliza alijifunzia wapi, naye hakusema.

Na tangu siku hiyo, mwanadamu akisimama mbele ya watu hupandisha sauti, huishusha, na hunyamaza kidogo kabla ya neno zito. Wasikilizaji hudhani anavuta pumzi. Nakijwa peke yake ndiye aliyejua kwamba hapo palikuwa mahali pa marehemu kujibu.