Gari la Kamanda Lisiloshiba

Mtu akiwashwa mgongoni hulaumu mbu, hulaumu jasho, hulaumu hata aliyesimama nyuma yake kwenye foleni. Shati alilolivaa mwenyewe hulikagua mwisho, tena baada ya kugombana na watu. Ndivyo ilivyomkuta Kamanda na gari lake la umeme, na anayedhani ninamwonea asikilize kwanza.

Kamanda alikuwa mkufunzi wa zimamoto. Jina hilo alibandikwa na majirani kwa sababu hata nyumbani kwake watu waliishi kwa amri. Miaka kumi na miwili iliyopita pasi iliyosahauliwa kwenye soketi iliteketeza chumba cha mama yake, na bibi huyo akaponea chupuchupu. Tangu siku hiyo kuta za nyumba zilijaa mabango ya herufi nyekundu, yote kwa mkono wa Kamanda: bango la gesi, bango la mishumaa, na jikoni lile kubwa kuliko yote, KABLA YA KULALA CHOMOA KILA KITU ISIPOKUWA FRIJI. Mkewe alikuwa akisahau. Mama yake, aliyesomewa tu kwa kuwa macho yake yalikuwa tayari yanafifia, hakusahau hata siku moja.

Na gari lenyewe lilinunuliwa kwa ajili ya mama huyo. Jicho lake la kulia lilikwisha kufa, na la kushoto lilikuwa limetandwa na mtoto wa jicho hata akawa anaona watu kama vivuli. Daktari wa kumpasua alikuja mara mbili tu kwa mwaka katika hospitali moja iliyokuwa juu ya mlima, kilomita hamsini na tano kutoka kwao. Mara iliyopita walitumia gari la zamani la Kamanda, harufu ya petroli ikamchafua mama tumbo, akatapika njia nzima, wakarudi kabla hawajafika nusu. Nafasi ikapotea. Daktari alikuwa ametuma salamu kwamba jicho hilo likikosa na safari hii, asiahidiwe tena kitu.

"Gari la umeme halinuki," Kamanda alitangaza. "Mama atasafiri kama malkia."

Akauza gari lake la zamani, akaongeza akiba yake yote, akalileta jipya uani likiwa jeupe na linang'aa kama sahani ya wageni. Balaa likaanza hapo hapo. Siku ya kwanza aliliwasha mara tatu, kwa kuwa hakusikia muungurumo, na kila alipobonyeza tena kumbe alikuwa akilizima. Alipofaulu kuondoka, aliinua mguu kidogo tu, gari likajishika breki lenyewe, mkewe nusura aubusu ubao wa mbele. Mama aliweka pochi yake kitini, gari likalia likitaka pochi ifungwe mkanda. Kamanda alifungua boneti ili majirani waone mashine, wakakuta kisanduku kitupu cha kuwekea mizigo.

"Injini wameisahau dukani," akasema jirani yake, fundi seremala. Watu wakacheka. Kamanda hakucheka.

Hayo yote angeyavumilia. Lililomtoa roho ni chaji. Muuzaji alimweleza kwamba kwa soketi ya kawaida gari hushiba polepole, usiku kucha, na kwamba taarifa zake zote angeweza kuzisoma kwenye kioo cha kugusa kilicho mbele ya dereva. "Mimi nimeendesha magari ya zimamoto miaka ishirini," Kamanda alimkatiza. "Utanifundisha kusoma kioo?" Basi kila jioni, akishamaliza kulizungusha gari mtaani ili lionekane, alipitisha waya kwenye dirisha la stoo, akachomeka, akaenda kulala mapema kwa ajili ya zamu ya alfajiri. Asubuhi waya aliukuta pale pale, taa ya kijani inawaka, na gari lina njaa. Jumatatu asilimia hamsini. Jumatano arobaini. Ijumaa ishirini na mbili.

Akampigia muuzaji. "Umeniuzia betri ya maiti."

"Mzee wangu, lile gari ni jipya. Hebu ingia kwenye kioo, bonyeza..."

"Sibonyezi kitu. Bonyeza wewe dhamiri yako." Akakata simu.

Jumamosi akaugeukia ukuta wa jirani. Karakana ya seremala ilipakana na stoo, na randa lake la umeme lilinguruma kutwa. Kamanda akamfuata mbele ya wateja wake. "Jirani, umeme wangu unapitia kwako. Gari langu halijai kwa sababu yako."

Seremala aliweka chini kipande cha ubao alichokuwa akikipima. "Mita yangu ile pale. Njoo uisome."

"Mwizi huwa na mita nzuri," Kamanda akajibu, akaondoka. Miaka tisa ya kuazimana ngazi na chumvi ikaishia hapo. Haya yalimuuma hata mkewe.

Ikafika mkesha wa kwenda hospitali. Kamanda alirudi mapema, akachomeka gari saa kumi na mbili jioni, akawakusanya mkewe na mama yake. "Leo mtu asiliguse gari. Mmenielewa?" Wakaitikia kwamba wameelewa.

Asubuhi kioo kilisoma asilimia thelathini na moja.

"Mwite seremala atupeleke," mkewe akamsihi. "Nitampigia mimi."

"Nimwombe mwizi? Hapa imeandikwa kilomita sabini na nane. Tunafika na tunabakiza."

Imeandikwa, ndiyo. Lakini mlima hausomi kioo. Walipoanza kupanda, namba zilianguka mbili mbili, tatu tatu. Kamanda alizima kiyoyozi, akazima redio, akamwamuru mkewe ashike pochi ili gari lisipate la kulilia. Malori ya mchanga yaliwapita yakiwapigia honi. Ilipofika saa moja na dakika ishirini asubuhi, kilomita kumi na nne kabla ya hospitali, gari lilisogea pembeni kwa heshima zote, likafa. Majina yangeanza kuitwa saa tatu, na asiyeitika angerukwa.

Mke alishuka bila kuomba ruhusa, akampigia seremala. Kamanda naye, kwa kuwa hasira hazina kazi nyingine, akampigia muuzaji ili amalize matusi yake.

Muuzaji alisubiri amalize. "Mpe simu mama watoto," akasema kwa upole. "Shemeji, bonyeza alama ya betri. Chini kuna historia ya chaji. Nisomee."

Mke akasoma kwa sauti. "Jana. Imeanza saa kumi na mbili jioni. Imekatika saa tatu usiku. Imeanza tena saa kumi na moja alfajiri." Akapandisha kidole. "Juzi pia saa tatu. Siku ya kabla yake saa tatu. Siku zote saa tatu."

"Umeme hauna saa," muuzaji akasema. "Binadamu ndiye mwenye saa. Kuna mtu anachomoa."

"Si nilisema," Kamanda akafoka. "Yule seremala anaingia stoo kwangu."

"Ni mimi, mwanangu," mama akasema kutoka kiti cha nyuma.

Wote wakageuka.

"Saa tatu ndiyo nalala. Nachomoa redio, nachomoa birika, nachomoa na huo waya wa stoo. Nikiamka kuchemsha maji narudisha vyote, maana najua unavitaka. Macho hayaoni, lakini mikono yangu inajua kila soketi ya nyumba ile. Si umeandika mwenyewe, kila kitu isipokuwa friji?"

"Mama, jana nilisema mtu asiliguse gari."

"Gari sikuligusa."

Kamanda alifungua mlango. Alitoka nje akasimama kando ya barabara na mikono kichwani. Aibu ilimshika kwelikweli. Aliona wazi kwamba jicho la mama yake linaweza kuzimika kwa herufi zake mwenyewe.

Saa mbili na robo pikapu kuukuu ya seremala ilitokea ikifuka moshi. Seremala hakumsalimu Kamanda. Alimpakia mama mbele, akamfungulia dirisha lote, akampa mfuko wa plastiki na ndimu iliyokatwa. Mama alitapika mara nne, na mara nne alisema, "Endesha, baba, usisimame." Jina lake lilipoitwa, aliitika kutoka mlangoni.

Kesho yake alirudi nyumbani, jicho limekwisha kupasuliwa na bandeji imeondolewa. Aliingia jikoni polepole, akasimama mbele ya bango, akalitazama kwa jicho lake moja.

"Kumbe herufi ni nyekundu," akasema. "Mwandiko wako mbaya, mwanangu."

Kamanda alikuwa nyuma yake na kopo la rangi, ameshaongeza maneno NA GARI ambayo hayajakauka. Alikwisha kumwomba radhi muuzaji kwa simu. Sasa alipita nje hadi karakana, mbele ya wateja wale wale, akasema, "Jirani, nilikutukana bure. Nisamehe."

Seremala alimkagua kuanzia kofia hadi viatu, kisha akaendelea na randa. "Nimekusamehe tangu nilipomwona mama anapanda pikapu," akasema. "Ila siku nyingine ukiwashwa, anza na shati lako. Kikulacho ki nguoni mwako."